Metallica: Nani Ashike Usukani

Mwaka 1981, gazeti la matangazo madogo madogo la Los Angeles, The Recycler, lilichapa tangazo la mpiga ngoma aliyekuwa akitafuta vijana wa kupiga nao hevi metali. Kijana huyo, Lars Ulrich, alikuwa mgeni Marekani. Alizaliwa Gentofte, Denmark, mwaka 1963, na baba yake, Torben Ulrich, alikuwa mcheza tenisi mashuhuri. Nyumbani walimtarajia afuate nyayo za mzee. Aliyeitikia wito ni James Hetfield wa Downey, California, naye wa 1963, aliyelelewa na wazazi waumini wa Sayansi ya Kikristo, imani inayotegemea sala badala ya dawa za hospitali. Baba aliihama familia Hetfield akiwa na miaka 13. Mama aliugua saratani, hakutibiwa, akafariki mwaka 1980.

Wawili hao ndio Metallica. Wengine wote waliopita humo, hata waliokuwa hodari kuliko wao, walikuta usukani umeshashikwa. Asiyeanzia hapo hataelewa kwa nini bendi hii ilifukuza, ilishitaki na iliomboleza kwa namna ilivyofanya.

Jina walilipata kwa Ron Quintana wa San Francisco, aliyekuwa akitafuta jina la jarida lake la mashabiki. Ulrich alimshauri achukue jingine, hili akajiwekea mwenyewe. Mwaka 1982 Brian Slagel wa kampuni changa ya Metal Blade aliwapa nafasi ya wimbo mmoja katika mkusanyiko wa Metal Massacre, na santuri za kwanza zikatoka zikiwa zimekosea tahajia ya jina lao. Hilo halikuwadhuru, kwa sababu kilichowatangaza hasa kilikuwa kaseti.

Kanda yao ya majaribio ya mwaka huo, No Life 'til Leather, ilikuwa na nyimbo saba. Mtu aliirudufu nyumbani kwa deki mbili, akaitia kwenye bahasha, akaituma kwa mwenzake wa jimbo jingine au wa ng'ambo, na huyo naye akafanya vivyo hivyo. Malipo yalikuwa kanda ya bendi nyingine. Kila nakala ilitoka imefifia kidogo kuliko iliyoizaa, lakini kasi ya gitaa ilisikika hata kwenye nakala mbovu. Hakuna aliyeingiza senti, na hakuna aliyelalamika. Kwa mkondo huo kanda ilimfikia Jon Zazula, aliyekuwa akiuza santuri na mkewe Marsha katika soko la mitumba huko East Brunswick, New Jersey. Zazula akawaita waje pwani ya mashariki, na makampuni yalipokataa kuwarekodi, yeye na Marsha wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Megaforce.

Kabla ya safari hiyo kulitokea jambo ambalo halikujirudia mara nyingi. Hetfield na Ulrich walimwona Cliff Burton akipiga gitaa la besi na bendi ya Trauma katika ukumbi wa Whisky a Go Go, wakamtaka kwa udi na uvumba. Burton akatoa sharti: yeye hahamii Los Angeles, wakimtaka wahamie kwao, eneo la ghuba ya San Francisco. Wakafunga mizigo. Wanaume wawili waliozoea kuamuru walikubali kuamriwa, na naamini bendi ilinufaika kwa kila siku aliyoishi nao.

Dave Mustaine, mpiga gitaa wao wa kwanza wa maana, hakuwa na bahati hiyo. Ulevi na ugomvi wake uliwachosha, na Aprili 1983, walipokuwa New York wakijiandaa kurekodi, walimwamsha asubuhi, wakamwambia kazi imekwisha, wakampandisha basi la kurudi California. Nafasi yake ilichukuliwa na Kirk Hammett wa bendi ya Exodus. Mustaine aliunda Megadeth, nayo ikawa moja ya bendi kubwa za mtindo uleule. Nyimbo nne za albamu ya kwanza ya Metallica, Kill 'Em All, iliyotoka Julai 1983, zina jina lake miongoni mwa watunzi, na mbili za albamu ya pili pia. Walimtoa mtu, vitu vyake vikabaki.

Mtindo wa Metallica uliitwa threshi, na siri yake iko kwenye mkono wa kulia wa Hetfield. Kiganja hulazwa juu ya nyuzi, karibu kabisa na mahali zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, ili mlio ukatwe kabla haujatanda. Kisha kipigio hushuka, hushuka tena na tena, bila kutumia mpigo wa kupanda ambao ungempunguzia mpigaji nusu ya kazi. Matokeo yake ni sauti nzito inayogonga kwa mpangilio mmoja usiotetereka, na mkono unaopiga hivyo kwa dakika nane huwaka moto. Hetfield huimba huku akifanya kazi hiyo. Wapiga gitaa wazuri wamejaribu kumwiga wakakwama kwenye wimbo mmoja tu, Master of Puppets.

Burton alileta kitu ambacho kasi peke yake isingeleta. Alikuwa amejifunza nadharia ya muziki, alimpenda Bach, na aliwaonyesha wenzake namna ya kupanga sauti mbili za gitaa zikatembea pamoja. Tofauti inasikika kati ya albamu ya kwanza na zile mbili zilizofuata, Ride the Lightning ya 1984 na Master of Puppets ya Machi 1986, zote zikirekodiwa Copenhagen na Flemming Rasmussen. Wimbo wa Orion katika albamu ya tatu hauna neno hata moja, na katikati yake besi ndiyo inayoongoza, taratibu, huku magitaa yakisubiri zamu. Mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka Master of Puppets katika hazina yake ya rekodi za taifa, ya kwanza ya muziki wa metali kupata heshima hiyo.

Usiku wa Septemba 26, 1986, walipiga Stockholm. Ndani ya basi, kwa simulizi ya Hammett, yeye na Burton walikata karata kuamua nani achague kitanda. Burton akavuta rea ya shupaza, akachagua kitanda cha Hammett. Alfajiri ya tarehe 27, karibu na Ljungby kusini mwa Sweden, basi liliacha njia na kupinduka. Burton alirushwa dirishani na basi likamwangukia. Dereva alidai barabara ilikuwa na barafu. Hetfield alitembea juu ya ile lami akitafuta barafu hiyo, asiione. Burton alikuwa na miaka 24. Katika maziko yake wimbo wa Orion ulipigwa.

Mwezi mmoja baadaye walikuwa na mpiga besi mpya, Jason Newsted kutoka Arizona, na hapo ndipo ninapoona doa kubwa kuliko yote katika historia yao. Albamu ya 1988, ...And Justice for All, ina nyimbo ndefu, zilizojaa hasira juu ya sheria, vita na ufisadi. Weka spika nzuri, usikilize besi. Haipo. Newsted alirekodi sehemu zake zote, tena kwa nguvu, lakini katika kuchanganya sauti zilishushwa hadi zikazama chini ya gitaa la Hetfield. Steve Thompson, mmoja wa waliochanganya sauti hizo, amesema hadharani kwamba agizo lilitoka kwa Ulrich. Majonzi ya kumpoteza Burton yanaweza kueleza ukatili ule, lakini hayauhalalishi. Kijana alikuja kuziba pengo, wakahakikisha pengo linabaki wazi.

Aliyemrudishia Newsted sauti alitoka nje, prodyuza Bob Rock. Alibishana nao kwa miezi, akawataka wapige wakiwa pamoja ndani ya studio badala ya kila mtu kurekodi peke yake, akafupisha nyimbo na kuipandisha besi. Albamu ya Agosti 1991 yenye jalada jeusi imeuza zaidi ya nakala milioni 16 nchini Marekani, na tangu mfumo wa SoundScan uanze kuhesabu mauzo mwaka huohuo, hakuna albamu iliyoifikia. Wapo mashabiki wa zamani walioiona kuwa usaliti. Mimi naiona kazi safi, yenye sauti pana, na ya kwanza tangu 1986 ambamo wote wanne wanasikika.

Albamu za Load na Reload zilifuata, nywele zikakatwa, na mengi yakasemwa ambayo hayana uzito leo. Lililo na uzito ni la mahakamani. Mwaka 1994 waliishitaki kampuni yao wenyewe, Elektra, wakitaka mkataba bora na haki juu ya rekodi zao, na mwisho wa mwaka wakapatana. Wanamuziki wengi hufa bila kumiliki rekodi zilizowapa jina. Kwa hiyo Aprili 2000, wimbo wao I Disappear ulipozagaa kupitia Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo mtandaoni, kabla haujakamilika, walioshangaa walikuwa hawajawafuatilia. Waliishitaki Napster, Ulrich akapeleka mwenyewe masanduku ya karatasi yenye majina ya watumiaji zaidi ya 300,000, na Julai akatoa ushahidi mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti.

Watu walimzomea. Walimkumbusha kanda za 1982, kwamba bendi iliyopandishwa na nakala za bure sasa inawafukuza wanaonakili. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Waliorudufu kaseti walirudufu kazi ambayo wenyewe waliitoa ili isambae, na Metallica waliendelea kuwaruhusu mashabiki kurekodi maonyesho yao ya jukwaani. Ulrich alisema shida yake ni kutoulizwa, na kisheria alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kuwataja mashabiki mmoja mmoja, watu waliowalisha, kana kwamba wao ndio waliojenga Napster. Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 2001, lakini chuki ilidumu miaka.

Mwaka huohuo, Januari, Newsted aliondoka. Alitaka kupiga pia na kundi lake la pembeni, Echobrain, Hetfield akakataa. Miaka 14 aliyokaa ilikuwa mingi kuliko ya Burton na Mustaine wakijumlishwa. Hetfield akaenda kutibiwa ulevi, bendi ikamlipa mshauri wa saikolojia awapatanishe, na filamu ya Some Kind of Monster ya 2004 iliwaonyesha wakizozana bila kificho. Robert Trujillo alichukua besi mwaka 2003, na bado anayo.

Aprili 2009, Cleveland, walipoingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Rock and Roll, Ray Burton alipokea tuzo kwa niaba ya mwanawe, na Newsted alipanda jukwaani kupiga besi pamoja na Trujillo. Mustaine hakuwa kwenye orodha ya waliotunukiwa.

Tangu 2012 Metallica wanamiliki rekodi zao zote chini ya kampuni yao, Blackened Recordings. Mwaka 2018 waliitoa upya ...And Justice for All ikiwa imesafishwa sauti, na besi wakaiacha palepale ilipozamishwa. Wimbo unaofungua albamu hiyo unaitwa Blackened, jina lilelile la kampuni, na ulitungwa na Hetfield, Ulrich na Jason Newsted.