Vita vya mezani, na ramani ambayo sisi hatumo

Ndugu zangu wasomaji, leo siandiki siasa wala mpira. Naandika kuhusu mchezo wa mezani. Lakini msikimbie! Mchezo wenyewe ni wa vita, na vita vyenyewe ni vile vilivyopita vijijini kwetu kati ya mwaka 1914 na 1918 na kuondoka na watu ambao mpaka leo hatujui hata walizikwa wapi.

Mchezo unaitwa Diplomacy. Aliyeutunga ni Mmarekani, Allan Calhamer, aliyezaliwa mwaka 1931. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard alisoma historia ya Ulaya kwa profesa Sidney Fay, yule aliyeandika kitabu maarufu kuhusu chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza. Kijana akajiuliza: hivi mawaziri wa nchi hizi walifikaje pale? Akachora ramani mwaka 1954. Kampuni kubwa zikamkatalia. Mwaka 1959 akachapisha nakala 500 kwa fedha zake mwenyewe, na zikanunuliwa. Baadaye maishani akawa tarishi wa posta katika mji aliokulia, huku duniani watu wakinuniana kwa sababu ya mchezo wake. Alifariki mwaka 2013.

Unachezwaje? Wachezaji ni saba: Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, Austria-Hungaria, Urusi na Uturuki. Mwaka ni 1901. Hakuna dadu, hakuna karata. Kila mzunguko mnapewa muda wa kuzungumza, wawili wawili, pembeni, jikoni, barazani, popote. Mnaahidiana. Kisha kila mtu anaandika amri zake kwa siri kwenye karatasi, na karatasi zote zinafunuliwa kwa pamoja. Hapo ndipo unapojua nani alikuwa anakuchekea na nani alikuwa anakuchimbia kaburi. Kama bao la kete, bahati haina kazi. Tofauti ni kwamba kwenye bao mpinzani wako hawezi kukuapia kwa jina la mama yake halafu akakugeuka.

Kwenye ramani kuna nukta 34. Hizo ni vituo vya ugavi. Una nukta tano, una majeshi matano. Ukipoteza nukta moja, jeshi moja linaondoka mezani. Mwenye nukta 18 ameshinda. Hesabu rahisi kabisa.

Sasa itazame ramani hiyo vizuri, wewe Mwafrika. Afrika ina nafasi mbili tu. Moja ni Afrika Kaskazini, ambayo haina nukta. Nyingine ni Tunisi, ambayo ina nukta na inahesabiwa kuwa haina mwenyewe. Wa kwanza kufika anachukua, na mara nyingi anakuwa Italia. Katika historia ya kweli Ufaransa iliiweka Tunisia chini ya ulinzi wake kwa mkataba wa Bardo mwaka 1881, miaka ishirini kabla mchezo haujaanza! Na chini ya hapo? Hakuna kitu. Ramani imekatwa.

Kinachochekesha zaidi ni Ubelgiji na Ureno. Kwenye ubao wa Calhamer ni vinukta vidogo visivyo na jeshi, vinangoja kuliwa. Lakini huku kwetu Ureno ilikuwa na Msumbiji na Angola, na mfalme wa Ubelgiji alikuwa ameishika Kongo nzima kama shamba lake binafsi mpaka mwaka 1908, ilipokabidhiwa kwa serikali yake. Huko Ulaya ni vibonde. Huku ni majabali.

Simlaumu Calhamer. Mchezo lazima uache vitu nje, la sivyo hauchezeki. Alitaka mizani baina ya saba, akaipata, na ndiyo maana umedumu. Ila ramani ina tabia moja mbaya: ukiitazama kwa muda mrefu unaanza kuamini kwamba kile kisichochorwa hakikutokea.

Na kilitokea. Tena kilianzia Afrika. Risasi ya kwanza ya askari wa nchi kavu wa upande wa Waingereza ilipigwa na Mwafrika, Alhaji Grunshi, kule Togo tarehe 7 Agosti 1914. Kesho yake manowari ya Kiingereza Astraea ikapiga mizinga Dar es Salaam kulenga mnara wa redio. Novemba ikaja Tanga, ambako jeshi la watu kama 8,000 lililotoka India lilishindwa na kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika wasiozidi kama 1,000. Na vita vilimalizikia huku huku. Ulaya walinyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba 1918. Jenerali wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimisha jeshi lake tarehe 25 Novemba mjini Abercorn, ambao leo tunauita Mbala, Zambia. Wiki mbili baadaye!

Mashabiki na ramani zao

Mashabiki wa mchezo huu hawakusubiri ruhusa ya mtu. Tangu mwaka 1963, Mmarekani mmoja aitwaye John Boardman alipoanza kuendesha mchezo kwa barua kupitia kijarida chake, watu wamekuwa wakichora ramani zao wenyewe. Kundi la mashabiki wa mji wa Youngstown, Ohio, waliipanua ramani mpaka Asia wakaongeza Uhindi, Uchina na Japani, wachezaji wakawa kumi. Ilipokuja intaneti mambo yakazidi. Ipo ramani ya dunia nzima yenye dola 17, na humo Kenya ni dola kamili! Ghana imo, Libya imo, Afrika Kusini imo. Ulaya yote ni dola moja tu. Hata Antaktika, nchi ya barafu, ina majeshi. Tanzania je? Haimo katika hizo 17. Watani wetu wa Kenya wacheke polepole.

Ukicheza ramani hiyo utaona raha na karaha ya ukubwa. Raha ni kwamba Nairobi anaandika barua kwa India na kwa Argentina, na zinajibiwa kwa heshima. Karaha ni kwamba watu 17 hawavumiliani miezi mitatu. Mmoja anachoka, anaacha kutuma amri, na nchi yake inageuka mzoga. Majirani wanaikata vipande bila hata salamu. Hilo nalo lina historia yake.

Lakini mimi na wenzangu tulitaka kitu kingine. Tulitaka ramani ile ile ya zamani, vita vile vile, ila ishuke mpaka kwetu. Basi tukachukua karatasi ya manila, tukachora Afrika Mashariki kama ilivyokuwa mwaka 1914, tukaiunganisha chini ya ubao wa Ulaya kwa gundi ya karatasi. Mombasa, Nairobi, Kisumu, Bukoba, Mwanza, Tabora, Tanga, Dar es Salaam, Mahenge, Songea, mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Wachezaji wakatoka saba wakawa tisa, kwa sababu Mbelgiji na Mreno nao walipata wa kuwachezea upande huu. Kanuni ilikuwa hivi: hata kinukta chao cha Ulaya kikitekwa, huku wanaendelea. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Wajerumani waliikalia karibu Ubelgiji nzima, na bado jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo, lililojaa askari Waafrika, liliingia Tabora Septemba 1916.

Tatizo likaja kwenye ugavi. Ulaya ya mwaka 1914 ilikuwa na reli. Huku kulikuwa na reli ya Uganda, reli ya Usambara na reli ya kati. Ukiacha reli, umebaki na miguu. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na mgongo wa mtu.

Piga hesabu wewe mwenyewe. Mpagazi anabeba mzigo wa kilo 25. Anakula kilo moja ya posho kwa siku. Akitembea siku kumi kwenda na siku kumi kurudi, amekula kilo 20 za mzigo wake. Anamfikishia askari kilo tano. Sasa askari huyo akisogea mbele siku mbili tu, unahitaji wapagazi wangapi zaidi? Ndiyo maana katika vita hivi wapagazi walikuwa wengi kuliko wapiganaji mara nyingi.

Kwa hiyo tukatunga kanuni ya mahindi. Kila wilaya kwenye manila ilipewa punje kumi za mahindi, na kila punje ni wapagazi. Jeshi likitaka kusogea lazima lichukue punje tatu. Kila hatua, punje moja inaingia kwenye kopo: amekufa, anaumwa, au ametoroka. Wilaya ikibaki na punje chini ya nne haiwezi kulisha jeshi mwaka unaofuata, kwa sababu hakuna wa kulima.

Mzunguko wa kwanza watu walicheka. Wa pili wakaanza kubana, hakuna aliyetaka kusogea. Mzunguko wa tatu mchezaji wa Uingereza akagundua kitu: kanuni haikusema punje zichukuliwe kwenye wilaya yako. Akaingia wilaya ya Mjerumani, akachota punje za huko. Mjerumani alipokuwa anarudi nyuma akachota zote alizozipita, asimwachie adui. Mbelgiji akafanya hivyo hivyo. Hakuna aliyekuwa amewasomea historia. Ulaya ya Mjerumani ilikuwa imeshakwisha, amebakiwa na nukta mbili, lakini kete yake moja kule Songea ilikuwa bado inatembea, inakula mahindi. Waliokuwa wanacheza Austria na Uturuki wakalalamika kwamba tunawachelewesha kwa "mambo ya huko chini". Tulipomaliza, kopo lilikuwa limepita nusu, na hakuna aliyeweza kusema punje ipi ilitoka Tabora na ipi Kisumu.

Kopo lenyewe

Tuache mchezo. Upande wa Waingereza peke yake, kwa muda wote wa vita, walichukuliwa wapagazi karibu milioni moja. Walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland, Kongo, na hata Afrika Magharibi. Wengine kwa ujira, wengi kwa lazima. Huko Kenya ilitungwa sheria ya kuwachukua mwaka 1915. Makadirio ya wanahistoria kuhusu waliokufa yanafika karibu 100,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu haikuwekwa. Na kule Ugogo, majeshi yalipokwisha kuchukua chakula, ng'ombe na vijana, mvua nazo zikakataa, ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina: Mtunya.

Tunakumbuka nini? Tunakumbuka Kariakoo. Kila siku tunanunua nyanya na vitambaa pale, na wengi hatujui kwamba jina limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichowekwa eneo hilo baada ya Waingereza kuingia Dar es Salaam Septemba 1916. Nairobi nako kuna Kariokor, neno lile lile. Dar es Salaam tuna sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927: askari mmoja na bunduki yake. Mpagazi hana sanamu pale.

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tazama hiyo nafasi kati ya namba mbili. Watu 234,000 ambao hatuna hakika kama walikuwepo! Mwanajeshi wa Kizungu aliyezikwa Tanga ana jiwe lenye jina na tarehe. Mpagazi aliyembebea maji alipewa namba, na mara nyingi hata namba ilipotea.

Ndiyo maana nasema ramani kubwa haitoshi. Nafurahi kuona Kenya ikipewa majeshi kwenye ubao wa watu 17, ni kitu kizuri, kinachangamsha. Lakini kuongeza nchi si sawa na kuongeza watu. Mchezaji wa Kenya naye anakaa kwenye kiti kile kile cha waziri, anaandika "jeshi liende kaskazini", na hana haja ya kujua nani kabeba unga. Kanuni yetu ya mahindi ilikuwa nzito, ilichelewesha mchezo, na sidhani kama kampuni yoyote ingeinunua. Lakini ndiyo pekee iliyofanya watu wanyamaze kidogo kabla ya kusogeza kete.

Sasa naomba msaada wenu, na hili si la mchezo. Kizazi cha wapagazi kimekwisha, wajukuu wao nao ni wazee sana. Kama kwenu kuna bibi au babu aliyesikia habari za "vita vya Mjerumani" kutoka kwa wazazi wake, kaa naye. Muulize nani alichukuliwa, alichukuliwa kutoka kijiji gani, alirudi au hakurudi, na jina lake lilikuwa nani. Andika kwenye daftari, weka tarehe na jina la aliyekusimulia. Ukiweza kurekodi kwa simu, rekodi. Jina moja tu linatosha kuanzia.

Na wale mnaotaka kuijaribu manila yetu, karibuni. Leteni mahindi.

Alamsiki.