Laura McAllister: Nahodha aliyeingia katika meza ya katiba

LAURA McAllister aliisakatia Wales kabumbu katika mechi 24 na kuwa nahodha wa timu hiyo ya taifa. Hata hivyo, mchango wake mkubwa zaidi kwa soka ya wanawake nchini mwake aliutoa akiwa ameketi mezani mnamo 1992, mbele ya katibu wa Shirikisho la Kandanda la Wales (FAW).

McAllister alizaliwa mjini Bridgend, kusini mwa Wales, mwezi Desemba 1964. Wakati huo, marufuku iliyowazuia wanawake kutumia viwanja vya vilabu rasmi Uingereza, ambayo ilianza kutekelezwa mwaka 1921, ilikuwa ingali inatumika. Ilifutiliwa mbali mwanzoni mwa miaka ya sabini.

Wanawake wa Wales waliunda timu yao ya taifa mnamo 1973, lakini FAW haikuitambua. Wachezaji walijigharamia wenyewe, na kwa kuwa timu hiyo haikuwa chini ya shirikisho, haingeweza kuwania nafasi katika mashindano ya Ulaya.

Hiyo ndiyo hali aliyoikuta McAllister, aliyekuwa akichezea klabu ya Cardiff City Ladies. Mnamo 1992, yeye pamoja na wenzake wawili, Michele Adams na Karen Jones, walikutana na aliyekuwa katibu wa FAW, Alun Evans. Ombi lao lilikuwa moja: shirikisho liichukue timu ya wanawake na kuisimamia kama ilivyosimamia ile ya wanaume.

Ombi hilo lilikubaliwa. Kuanzia 1993, Wales ikawa na timu ya wanawake inayotambuliwa rasmi, na kwa mara ya kwanza ikaingia katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Ulaya, kwa fainali za 1995.

Ugatuzi

Sambamba na kandanda, McAllister alijishughulisha na siasa na usomi. Aliwania ubunge mara mbili, mnamo 1987 na 1992, kwa tiketi ya chama cha Plaid Cymru kinachopigania uhuru wa Wales, bila kufaulu. Baadaye alifundisha masuala ya utawala katika Chuo Kikuu cha Liverpool kabla ya kuhamia kile cha Cardiff mnamo 2016.

Bunge la Wales lilipoanzishwa mwaka 1999 chini ya mfumo wa ugatuzi, lilikuwa na wanachama 60 pekee. McAllister alikuwa miongoni mwa makamishna wa Tume ya Richard, ambayo katika ripoti yake ya 2004 ilipendekeza bunge hilo lipewe mamlaka zaidi ya kutunga sheria na idadi ya wanachama iongezwe hadi 80. Mamlaka yaliongezwa hatua kwa hatua, lakini viti vikabaki 60.

Kati ya 2010 na 2016 alikuwa mwenyekiti wa Sport Wales, taasisi ya umma inayosimamia ustawi wa michezo nchini humo.

Suala la viti lilirejea mikononi mwake alipoteuliwa kuongoza jopo la wataalamu kuhusu mageuzi ya uchaguzi. Ripoti ya jopo hilo, iliyotolewa 2017, ilipendekeza wanachama kati ya 80 na 90, umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 16, na sheria ihakikishe kwamba wanawake wanapata nafasi sawa katika orodha za wawaniaji.

Si yote yaliyotekelezwa. Vijana wa miaka 16 walipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa bunge hilo wa 2021. Sheria ya 2024 iliongeza viti hadi 96 kuanzia uchaguzi wa 2026, miaka 22 baada ya ripoti ya Tume ya Richard. Lakini mswada kuhusu usawa wa jinsia katika orodha za wawaniaji uliondolewa na serikali ya Wales mnamo Septemba 2024.

Kuanzia 2021, McAllister aliongoza kwa pamoja na Rowan Williams, Askofu Mkuu wa zamani wa Canterbury, tume huru kuhusu mustakabali wa kikatiba wa Wales. Ripoti yake ya Januari 2024 ilisema kwamba hali ilivyokuwa haingedumu. Ilitaja njia tatu zinazowezekana: kuimarisha ugatuzi, kuunda shirikisho la Uingereza, au uhuru kamili.

UEFA

Katika usimamizi wa soka pia, safari haikuwa nyoofu. Mnamo Aprili 2021 alishindwa na Evelina Christillin wa Italia katika uchaguzi wa kuwania nafasi katika Baraza la FIFA. Miaka miwili baadaye alichaguliwa katika kamati kuu ya UEFA na kuteuliwa makamu wa rais wa shirikisho hilo la Ulaya.

Mnamo Desemba 2024, Wales iliibandua Jamhuri ya Ireland kwa jumla ya mabao 3-2 na kufuzu kwa fainali zake za kwanza za Kombe la Ulaya la wanawake. Nchini Uswisi mwaka 2025, ilipoteza mechi zote tatu dhidi ya Uholanzi, Ufaransa na Uingereza. Ilikuwa imepita miaka 33 tangu wachezaji watatu waende kuomba timu yao itambuliwe.