Jinsi ya kutambua ndururu kuukuu zilizolika

Katika masanduku ya wazee wa Nakuru, Njoro na Molo hazikosekani sarafu chache zenye tundu katikati, zilizolika hata maandishi yake yakabaki vivuli. Wengi huziita ndururu, ingawa jina hilo hasa ni la senti tano. Asiyejua kuzisoma huziuza kwa uzani kama vyuma chakavu, au hununua moja kwa bei isiyostahili.

Rangi husema mengi. Senti zenye tundu zilizotolewa kuanzia 1907, wakati wa rupia, zilikuwa za madini meupe. Zile za shaba zilianza 1921 chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919. Senti kumi ina upana wa karibu milimita 30, senti tano karibu 25, na senti moja karibu 20. Hivyo rula ya mwanafunzi yatosha hata tarakimu zikiwa zimefutika.

Linalosumbua zaidi ni mwaka 1936. Mfalme George wa Tano alifariki Januari, naye Edward wa Nane akajiuzulu Desemba mwaka huo huo. Kwa kuwa sarafu hizi zina taji na pembe za ndovu, bila sura ya mfalme, zile za Edward zilifuliwa na kutumika kama kawaida. Basi mwaka peke yake hautoshi. Sharti itafutwe herufi ya kwanza ya jina, au tarakimu VIII badala ya V. Hata hivyo, senti za Edward zilifuliwa kwa wingi, na anayezidai maelfu ya shilingi kwa moja iliyolika anastahili kutiliwa shaka.

Herufi ndogo huonyesha kiwanda: H na KN ni vya Birmingham, I ni Bombay, na SA ni Pretoria, viwili hivi vya mwisho vikiwa vya miaka ya Vita vya Pili. Isiyo na herufi kwa kawaida ni ya London, lakini kwenye sarafu iliyolika sana herufi huenda ilifutika tu.

Tofauti za mihuri yenyewe zaonekana vizuri zaidi Tabora, ambako Wajerumani walifua hela 20 mwaka 1916 katika karakana ya reli. Huko taji ni kubwa au dogo, na ncha za herufi L katika neno HELLER zimechongoka au zimejikunja.

Sarafu iinamishwe chini ya mwanga wa pembeni, si wa juu, ili vivuli viamshe maandishi. Isisuguliwe kwa mchanga, majivu wala ndimu: alama iliyosalia huondoka pamoja na uchafu. Na isiyo na jina la mtawala yeyote isidhaniwe kuwa imefutika kabla ya kutazamwa mwaka, kwani senti tano na kumi za 1964, baada ya uhuru, zilitolewa hivyo.