Saa za Dhahabu zenye Jambia

Kwa mbali ni saa ya dhahabu tu. Isogeze karibu: usoni pana jambia ndani ya ala, juu ya panga mbili zilizopishana. Hiyo ni nembo ya Oman.

Sultani Qaboos bin Said alishika madaraka Julai 1970, vita vya jimbo la Dhofar, kusini mwa Oman, vikiendelea. Miaka hiyo ya 1970 aliagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London, akawatunuku waliomtumikia, wakiwemo wanajeshi wa Uingereza. Baadhi ni Day-Date, aina iliyozinduliwa 1956 na kutengenezwa kwa dhahabu au platini pekee. Nyingine ni Daytona. Jambia huwa jekundu, la kijani au la dhahabu, na kwenye mfuniko wa nyuma huenda ukakuta jina la Asprey.

Leo wakusanyaji huzigombania minadani, na uchache wake ni sehemu tu ya sababu. Wanatafuta uso ambao haujapakwa rangi upya na kingo ambazo hazijaliwa na msasa, kwa kuwa saa iliyong'arishwa kupita kiasi hupoteza umbo lake, wala fundi hawezi kuurudisha mchoro wa asili uliofutika.

Kwa hiyo, ukirithi saa ya dhahabu ya babu, usikimbilie kwa sonara ipimwe gramu na kuyeyushwa. Alama ya 750 huonyesha karati 18, yaani asilimia 75 dhahabu halisi. Haisemi lolote kuhusu aliyeivaa. Hifadhi risiti, kasha na picha zake pamoja nayo.