Picha Safi na Picha Ifungukayo

Somo la Historia kwa Watu Wazima, kama lilivyosomwa radioni

Karibuni tena darasani. Kaeni vizuri, wekeni madaftari karibu, na mwenye kalamu aishike. Na wewe ambaye hukulisikia somo hili radioni, bali unalisoma katika karatasi hii, karibu vile vile. Soma polepole, na ukifika penye tarakimu simama kidogo uzitazame, maana leo tarakimu zina kazi kubwa.

Kwanza nawaulizeni swali. Mtu amekuletea barua. Karatasi ni nzuri, wino ni mweusi, lakini imeandikwa kwa herufi usizozijua. Itakufaa nini? Akaja mtu wa pili na barua nyingine. Hii imeandikwa kwa herufi unazozijua, lakini imelowa mvua, na pale palipoandikwa kiasi cha fedha ulizotumiwa pamefutika. Nayo itakufaa nini? Ya kwanza ni safi, lakini haisomeki. Ya pili yasomeka, lakini jambo lenyewe limepotea.

Historia yetu ya leo ni ya watu waliokwama kati ya barua hizo mbili. Wao hawakuwa wakiandika barua. Walikuwa wakihifadhi picha zinazotembea, na picha hizo zilikuwa ushahidi wa mashindano.

Mashindano yenyewe

Mnaijua michezo ya kompyuta. Mchezaji hushika kifaa chenye vibonye, hukazia macho kioo, akamwongoza mtu wa kuchorwa akimbie, aruke, aepuke hatari, hata afike mwisho. Wapo wachezaji wasiotosheka kufika tu. Wanataka kufika upesi kuliko watu wote. Mashindano hayo huitwa spidirani, yaani mbio za kumaliza mchezo.

Msidhani ni mzaha. Mchezo wa Super Mario Bros. ulitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985. Mwaka 2021, miaka 36 baadaye, mchezaji ajulikanaye kwa jina la Niftski akawa wa kwanza kuumaliza kwa muda ulio chini ya dakika 4 na sekunde 55. Saa yake ilionyesha 4:54.948. Tazama tarakimu hizo tatu za mwisho: ni sehemu za elfu za sekunde moja. Amevuka mpaka kwa sehemu 52 tu za elfu. Kufumba na kufumbua jicho ni muda mrefu kuliko huo.

Sasa fikirini. Mkimbiaji wa namna hii mara nyingi hukimbia nyumbani kwake. Hakuna refa aliyesimama kando na saa. Shahidi wake ni picha alizozinasa. Picha zikiwa mbovu, ushahidi ni dhaifu. Picha zikiwa safi lakini hazifunguki katika mashine ya mwenye kuhukumu, ushahidi haupo.

Mwanzo: kuandika vibonye badala ya picha

Twende nyuma kidogo. Desemba mwaka 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo uitwao Doom. Mchezo huo uliweza kuhifadhi mbio bila kuhifadhi picha hata moja. Uliandika tu mchezaji alivyobonyeza, mara 35 kila sekunde. Ukitaka kuzitazama mbio hizo, mashine yako yenyewe ilicheza upya kwa kufuata maandishi hayo, kama mwimbaji anayefuata karatasi ya nyimbo.

Tupige hesabu. Kipimo cha ukubwa wa maandishi ya kompyuta huitwa baiti. Baiti moja yatosha kubeba herufi moja kama A au B. Doom ilitumia baiti 4 kila mara, mara 35 kwa sekunde, yaani baiti 140 kwa sekunde. Mbio za dakika 10 zilikuwa baiti 84,000 tu.

Je, ni njia nzuri? Ni nzuri sana, nayo haipotezi kitu. Lakini ina kasoro moja. Lazima mtazamaji awe na mchezo ule ule, tena wa toleo lile lile. Akiwa na toleo jingine, mashine hukataa. Ikilazimishwa, mambo hupishana: mchezaji hugonga ukuta mahali palipokuwa na mlango. Hiyo ndiyo barua ya kwanza, safi lakini haisomeki na kila mtu.

Mchezo wa Quake, uliotoka mwaka 1996, ulikuwa na njia yake ya kuhifadhi mbio bila kuhifadhi picha. Mwaka 1997 kikundi cha wachezaji kilionyesha Quake yote ikimalizika kwa dakika 19 na sekunde 49. Mwaka 1998 Nolan Pflug akaanzisha ghala la mbio za Quake, ambalo baadaye lilijulikana kwa jina la Speed Demos Archive. Mwaka 2004 ghala hilo likafungua mlango kwa michezo mingine. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana michezo mingi ya zamani haikujua kuandika vibonye. Ilibidi kuhifadhi picha zenyewe.

Uzito wa picha

Picha itembeayo ni picha nyingi zilizosimama, zikipitishwa upesi mbele ya macho. Mashine ya zamani ya Nintendo, ile ya kuuzwa Marekani na Japani, hutoa picha kama 60 kila sekunde. Kila picha ni nukta nyingi za rangi: 256 kwa upana na, zile zionekanazo, kama 224 kwa urefu. Tukizipa kila nukta baiti 3 za rangi, sekunde moja ni baiti 10,321,920. Mbio za dakika 11 zapita baiti milioni 6,800. Santuri ya kompyuta ya siku hizo ilibeba kama milioni 700. Ungehitaji karibu santuri 10.

Na kuzituma je? Watu wengi wakati huo walitumia waya wa simu, uliopitisha kwa wingi baiti 7,000 kwa sekunde. Zile mbio za Doom za dakika 10 zingepita kwa sekunde 12. Picha za dakika 11 zingepita kwa siku 11 na zaidi, usiku na mchana bila kupumzika.

Basi ilibidi picha zibanwe. Kubana kuna namna mbili. Namna ya kwanza haipotezi kitu: badala ya kuandika neno “mbuzi” mara 60, unaandika “mbuzi 60”. Namna ya pili hutupa yale ambayo jicho halitayaona haraka: mbingu isiyobadilika haichorwi upya, na kona ndogo hulainishwa. Namna ya pili hupunguza mzigo zaidi sana, lakini kilichotupwa hakirudi. Kanuni mashuhuri ya kubana kwa namna ya pili, iitwayo H.264, ilikamilishwa mwaka 2003.

Pale Speed Demos Archive waliweka mbio zile zile kwa daraja kadhaa, kutoka picha hafifu hadi picha bora kabisa. Mwenye waya dhaifu akachukua hafifu, mwenye waya wa nguvu akachukua bora. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini swali moja lilibaki: katika kupunguza, tupunguze nini?

Nusu ya picha ilipotupwa

Wengi walipunguza idadi ya picha. Badala ya 60 kwa sekunde, wakaweka 30. Mashine nyingi zilizifungua bila shida, na mtazamaji wa kawaida hakulalamika. Hata YouTube, iliyofunguliwa mwaka 2005, haikuonyesha picha 60 kwa sekunde mpaka Oktoba mwaka 2014.

Sasa angalieni hasara yake. Mashine ile ya Nintendo haiwezi kuonyesha vitu zaidi ya 8 vinavyotembea katika mstari mmoja wa kioo. Vikizidi, michezo mingi huvionyesha kwa zamu: picha hii kipo, picha ifuatayo hakipo. Kwa picha 60, jicho huona kitu kinachomemeteka. Ukitupa kila picha ya pili, hutokea moja kati ya mawili: kitu kinaonekana wakati wote, au hakionekani kamwe. Adui aliyemgusa mchezaji anaweza kutoweka kabisa katika mkanda!

Na saa nayo huharibika. Picha moja kati ya 60 ni kama sehemu 17 za elfu za sekunde. Zikiwa 30, kila picha ni sehemu 33. Watu wakishindana kwa nafasi ya picha moja, mkanda wa picha 30 hauwezi kuamua nani ametangulia. Hii ndiyo barua ya pili: yasomeka na kila mtu, lakini kiasi cha fedha kimefutika.

Rangi, na somo la mwaka 1953

Iko habari nyingine, ya rangi, na mzizi wake ni wa zamani kuliko kompyuta hizi. Oktoba mwaka 1950 serikali ya Marekani iliikubali njia ya kampuni ya CBS ya kutangaza televisheni ya rangi. Juni mwaka 1951 matangazo yakaanza. Lakini televisheni zilizokuwa majumbani, mamilioni kwa mamilioni, hazikuweza kuyaonyesha, hata bila rangi. Oktoba mwaka ule ule yakasimama. Vita vya Korea vilitajwa kuwa sababu, lakini hata kabla ya hapo watazamaji walikuwa wachache mno.

Desemba mwaka 1953 ikakubaliwa njia nyingine. Hii iliacha picha ya mwanga na giza kama ilivyokuwa, ikaongeza rangi juu yake kwa uchache. Televisheni mpya zikaonyesha rangi, na zile za zamani zikaendelea kuonyesha bila rangi. Hakuna aliyetupa mali yake. Rangi iliweza kupunguzwa kwa sababu jicho la mtu hutambua mwanga kwa makini kuliko rangi. Tazama uzi mwembamba ukiwa mbali: unauona kuwa upo, lakini huna hakika kama ni mwekundu au wa zambarau.

Picha za kompyuta zikafuata desturi hiyo. Katika mikanda mingi, nukta 4 hugawana rangi moja. Kwa picha ya watu na miti haidhuru. Lakini michezo ya zamani ilichorwa nukta kwa nukta, na mstari mwekundu wa nukta moja ukachafuka kama wino katika karatasi mbichi.

Walifanyaje? Wengine waliikuza picha kwanza, kila nukta ikawa nukta 4 zilizofanana. Hapo zile 4 zikigawana rangi, zinagawana rangi yao wenyewe, na hakuna kilichopotea. Wengine wakatumia aina ya H.264 inayoipa kila nukta rangi yake. Picha zikawa safi kabisa, na kwa michezo hiyo mzigo ukawa mwepesi. Lakini simu nyingi na televisheni nyingi zimeundwa kufungua aina ya kawaida tu. Mtu alibonyeza, akaona kioo cheusi.

Jibu walilolipata

Mwaka 2003 mkanda wa Super Mario Bros. 3 ulienea duniani, mchezo ukimalizika kwa kama dakika 11. Wengi walidhani umechezwa kwa mikono papo kwa papo. Kumbe fundi wake wa Japani, Morimoto, aliutengeneza polepole, picha baada ya picha, kwa msaada wa programu. Mwishoni mwa mwaka huo ghala la kazi za namna hiyo likaanzishwa, ambalo sasa huitwa TASVideos. Hao ndio waliofikia desturi ninayotaka muikumbuke.

Wao huweka kwanza maandishi ya vibonye. Hiyo ndiyo asili. Ukiwa na programu na toleo lake, waweza kutengeneza picha upya wakati wowote. Kisha wakaweka mkanda wa picha safi kwa wenye mashine za nguvu. Na kando yake wakaweka mkanda wa pili, wa aina ya kawaida, unaofunguka karibu kila mahali. Hawakumlazimisha mwenye mashine duni anunue nyingine, wala hawakuichafua asili kwa ajili yake.

Mtu anayecheza kwa mikono katika mashine ya kweli hana maandishi ya vibonye. Asili yake ni picha alizonasa mara ya kwanza. Akizibana vibaya na kufuta za kwanza, amemfukuza shahidi wake mwenyewe.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, ubora si kitu kimoja. Una sehemu nyingi: idadi ya picha, wingi wa nukta, usafi wa rangi. Kabla ya kupunguza, jiulize mkanda huu unashuhudia nini. Mbio hushuhudia wakati, basi usiguse picha 60, punguza kwingine. Na nawe ukinasa kwa simu maneno ya mzee wa ukoo wenu, jiulize vivyo hivyo. Huyo anashuhudia kwa sauti. Picha ikififia si neno, sauti isififie. Nakala ya kugawa ifunguke katika simu ya jirani. Asili ibaki kwako, haijaguswa.

Maneno ya kukumbuka

Asili: kitu cha kwanza, ambacho nakala hutolewa kwake.
Baiti: kipimo cha ukubwa wa maandishi au picha za kompyuta.
Kubana: kupunguza ukubwa ili kitu kihifadhike au kitumwe kwa urahisi.
Nukta: alama ndogo kabisa ya rangi katika kioo.

Maswali ya kujibu katika kikundi

1. Kwa nini maandishi ya vibonye vya Doom hayakumfaa kila mtazamaji?
2. Mkanda wa picha 60 kwa sekunde ukifanywa wa picha 30, ni mambo gani mawili huweza kupotea?
3. Televisheni ya rangi ya mwaka 1953 ilimtendeaje mwenye televisheni ya zamani?
4. Mtaje mtu mmoja ambaye sauti au picha yake mngependa ihifadhiwe. Asili itawekwa wapi, na nakala itapewa nani?

Jibuni kwa maandishi, mstari mmoja mmoja, kisha msomeane. Kwaherini, mpaka somo lijalo.