Bandari Isiyo na Gati: Bagamoyo na Gofu la Forodha

Anayerejea Bagamoyo kutafuta bandari ya kale hana budi kwanza kuitazama bahari ikipwa. Maji huondoka mbali, mchanga huachwa wazi, na mashua hulala ubavu. Mji huu, uliokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Tabora katika karne ya 19, haukuwa na gati la maji marefu. Majahazi ya Unguja yaliingia maji yakijaa na kukaa juu ya mchanga yakipwa, na shehena ikapita majini mabegani mwa watu. Ufuko huo uliokuwa neema kwa jahazi ulikuwa kikwazo kwa meli ya moshi.

Ndiyo maana Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891. Hata hivyo, mwaka 1895 walijenga Bagamoyo jengo la forodha, lile ambalo baadaye lilisimama kwa miaka mingi kama gofu. Hapana ajabu katika hilo: serikali ilikuwa imehama, lakini pembe za ndovu hazikuwa zimehama. Zilihama reli ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, hata ikafika Kigoma mwaka 1914.

Kuta hizo zimezoea kusomwa kwa namna moja. Bagamoyo, husemwa, ni "bwaga moyo", mahali mtumwa alipouacha moyo wake kabla ya kuvushwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia kwa jina la biashara ya watumwa na pembe. Utumwa ulikuwepo, wala hakuna wa kuupunguza. Kijiji cha waliokombolewa katika misheni iliyoanzishwa mwaka 1868 ni ushahidi tosha. Lakini lugha nayo ina neno lake. Kinachobwagwa katika Kiswahili ni mzigo kwanza. Aliyetembea miezi mitatu na pembe begani, akaiona bahari, alibwaga mzigo na moyo ukatua pamoja nao. Maelezo haya, ingawa hayawezi kuthibitishwa kikamilifu, yanaafiki zaidi matumizi ya kitenzi hicho, na yanamrudisha mtu aliyesahauliwa: mpagazi, hasa Mnyamwezi, aliyekuja kwa maelfu, kwa ujira, akapiga kambi mjini akisubiri msafara wa kurudi. Mabegani mwake ndimo ilimotoka mali iliyotozwa ushuru pale ufukoni.

Mwenyeji wa pande hizo aliyaandika maisha ya pwani hiyo kabla hayajatoweka. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake, pamoja na ya wenzake wachache, ndiyo kiini cha *Desturi za Wasuaheli*, kitabu alichokihariri Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903. Humo zimo safari za bara, biashara na utumwa, kwa Kiswahili cha mtu aliyekulia humo. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, wakafunga safari ya kurejea kwao. Serikali ya kikoloni haikuiridhia ndoa hiyo, ikakataa wasishuke. Walirudi Ujerumani, na Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927.