“Go, went, gone”: kitenzi chenye asili mbili
Mwanafunzi anayekariri vitenzi vya Kiingereza hufika kwenye “go, went, gone” na kukwama katikati. Cha kwanza na cha mwisho ni ndugu, lakini “went” haina hata herufi moja ya “go”. Sababu ni rahisi: ni wakati uliopita wa kitenzi kingine kabisa, “wend”.

Katika Kiingereza cha Kale, kwenda kuliitwa “gan”. Wakati wake uliopita ulikuwa “eode”, na huo nao ulitoka kwenye mzizi mwingine. Kwa hiyo “went” haikumfukuza mwenye nyumba. Ilimfukuza mpangaji aliyetangulia. Wakati huohuo kulikuwa na “wendan”, yaani kugeuza au kugeuka. Ilikuwa kauli ya kutendesha ya “windan”, kuzunguka na kusokota, kama “pita” inavyozaa “pitisha”. Leo “windan” ndiyo “wind”, kitenzi cha kuzungusha uzi au kutia saa ufunguo. Kutoka kugeuka, maana ya “wendan” ikasogea hadi kugeukia upande fulani na kushika njia, na mwishowe kwenda tu. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Geoffrey Chaucer anaitumia kwa mahujaji wanaoelekea Canterbury. Umbo “went” lenyewe halina ajabu: “send” hutoa “sent”, “bend” hutoa “bent”.

Kufikia karne ya 15, “went” ilikuwa imetawala kusini mwa Uingereza. Waskoti walifuata njia ya mantiki zaidi, wakaunda “gaed” kutokana na kitenzi chenyewe. “Eode” ilichakaa kiasi kwamba Edmund Spenser, mshairi mpenzi wa maneno ya kale, aliitumia katika The Faerie Queene (1590) kana kwamba ni kitenzi cha wakati uliopo. “Wend”, iliyopokonywa umbo lake, ikatengenezewa “wended”.

Mchanganyiko huu huwapata hasa vitenzi vinavyotumika mno. Kifaransa husema “je vais” kwa sasa na “j’irai” kwa wakati ujao, kutoka vitenzi viwili vya Kilatini. Watoto wa Waingereza hujaribu “goed”, lakini “went” wanaisikia kutwa nzima na kosa hufutika. “Holp”, wakati uliopita wa zamani wa “help”, haikusikika mara nyingi kiasi hicho, na “helped” ikachukua nafasi yake.